Klementina Anataka Kutumika

Getini kwetu kuna kibao cha rangi ya bluu: Kozi ya Kiingereza kwa Wanafunzi wa Kimataifa. Kila asubuhi nikikipita nakisonya. Kimataifa! Mtu kazaliwa upande wa pili wa ziwa, kaoga maji haya haya, kala samaki huyu huyu wa mgebuka, shangazi yake yuko Ujiji na shemeji yake yuko Bangwe, lakini akishuka kwenye boti na begi lake tayari ni mwanafunzi wa kimataifa. Mimi niliyeteremka kutoka Kalinzi na Kiha changu mdomoni, niliyechekwa darasani hapa mjini kwa Kiswahili changu cha milimani, ndiye mwenyeji. Haya bwana. Ndiyo kazi yangu, nawafundisha Kiingereza, na hasira zangu nazibeba mwenyewe.

Chuo chenyewe ni tawi dogo la chuo kikuu. Limepanga ghorofa ya juu hapa Mwanga, juu ya maduka na mafundi nguo. Ukitamka neno la Kiingereza, cherehani za chini zinalipokea kabla ya wanafunzi. Feni ipo, umeme una siku zake. Vijana wanatoka Uvira, Kalemie na Bujumbura, wote wamesoma kwa Kifaransa, na wote wanataka kufika kesho mahali ambapo mimi najua watafika mwakani. Lakini katika wote niliowafundisha, sijapata kuona mtu asiyetulia kama Klementina.

Alikuja mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mama wa makamo aliyevaa kitenge cha kijani na kilemba kilichofungwa kwa haraka. Kwa umri ni dada yangu mkubwa. Nikamwonyesha kiti, akakishukuru kile kiti, halafu akaenda kusimama dirishani.

"Mama, karibu ukae."

"Aksanti, Mwalimu. Miye nikikaa nalala."

Uongo mtupu! Huyu mama hakuwahi kulala darasani hata kwa kope moja. Roho yake tu haikuwa na kituo. Nikiandika ubaoni, yeye anazunguka nyuma. Anamshika kijana paji la uso, anamwambia una homa, nenda ukapime. Anamshika mwingine kifundo cha mkono, anahesabu mapigo ya moyo huku mimi nahangaika kuwafundisha vitenzi vya wakati uliopita. Siku moja nilipandwa na hasira nikamwambia, "Klementina, hapa ni darasani, si wodini!" Akarudisha mikono yake, akaikunja kifuani, akanitazama. Sikumwambia tena.

Vijana walimwita Yaya. Kwao yaya ni dada mkubwa, ni jina la heshima. Mlinzi wetu Dismasi, mtu wa Kasulu, alipolisikia akajua moja kwa moja kwamba mama huyu analea watoto wa watu. Basi kila siku anamuuliza getini, "Yaya, mtoto umemwacha na nani?" Naye Klementina, aliyemwacha mwanawe mkubwa Kalemie kwa baba mdogo, anajibu kwa furaha, "Yuko na baba yake mdogo, anakusalimia!" Wakaendelea hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja anamwona mwenzake mtu mwema sana. Kiswahili ni kimoja, ndiyo, lakini ziwa limepita katikati.

Ng'ambo alikuwa muuguzi wa wazazi. Alipokea watoto kwa zaidi ya miaka kumi, upande wa Baraka, mpaka vita vikawafukuza yeye na mumewe. Mume alifariki njiani kwa ugonjwa, hilo alinisimulia mara moja tu na sikuuliza zaidi. Akafikia Bangwe kwa shemeji yake Amuri, fundi wa injini za boti. Pale akawa anaanika dagaa na kuuza. Cheti chake cha uuguzi kimeandikwa kwa Kifaransa kuanzia juu mpaka chini, na hapa hakimfikishi popote. Chuo chetu kilikubali kumpokea asomee shahada ya uuguzi kwa sharti moja: afaulu mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Na kwa kanuni yetu mtihani huo unafanywa mara mbili tu. Ukianguka ya pili, kiti chako anapewa mwingine na wewe unarudi kwenye dagaa zako.

Ya kwanza alianguka, tena vibaya. Kosa lilikuwa la Kifaransa. Kwa Kifaransa kuomba ni "demander", na yeye akalibeba neno hilo hilo mpaka kwenye Kiingereza, ambako maana yake ni kudai. Mama wa watu, mpole, anayepiga goti akimsalimia mlinzi, alimdai mtahini maji ya kunywa. Akamdai arudie swali. Akamdai muda. Yule mtahini, mwanamke mmoja mkali kunishinda hata mimi, akaandika kwamba mtahiniwa hana adabu ya lugha.

Nilipoona karatasi ile nilitamani kuipasua. Nikamwita Klementina pembeni nikamwambia, "Dada yangu, sikiliza. Kifaransa kitakumaliza. Kitupe ziwani. Ukitaka kusema jambo, lifikirie kwanza kwa Kiswahili, ndipo ulipeleke kwenye Kiingereza." Ushauri ulikuwa mzuri na nausimamia mpaka leo. Akaushika kwa mikono miwili. Akaweka kamusi ya Kiswahili na Kiingereza kwenye simu yake, na tangu hapo ukimkuta njiani anatembea huku ananong'ona, anauliza simu, anajibiwa, anapiga hatua. Waendesha bodaboda wa Bangwe walijua zamu zake za kutembea kuliko walivyojua zao.

Sasa kuna jambo moja la sokoni ambalo lazima niliseme, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea.

Siku hiyo tulishuka pamoja baada ya kipindi. Wanawake wanaouza dagaa hapo Mwanga wakamuuliza, kwa uchokozi wao wa kawaida, huko kwao alikuwa anafanya nini kabla ya kuja kugombania wateja nao. Klementina akajibu bila wasiwasi, "Nilikuwa ninatumika ku hospitali. Mchana ninatumika, usiku ninatumika. Madaktari wote walinipenda."

Weee! Kicheko kilichopigwa pale, mmoja aliangukia fungu lake la dagaa. "Makubwa! Anatumika usiku na mchana!" Klementina akabaki ananitazama. Nikamvuta mkono tukaenda, nikamweleza kwamba huku kwetu kinachotumika ni sabuni, ni kijiko, ni barabara. Mtu hatumiki. Mtu anafanya kazi. Ukisema unatumika, maana yake kuna mwingine anakutumia anavyotaka, na wenye akili chafu wanaongezea yao.

"Kwetu kutumika ndiyo kazi yenyewe," akasema. "Mtu asiyetumika ni mtu wa nini sasa?"

"Sawa, lakini uko kwetu."

"Kwenu!" akacheka. "Kwenu maneno mengi mnayaharibu." Tukaachana pale, na mimi nikalisahau lile neno. Klementina alilichukua kama ujinga wa wauza dagaa. Hakuacha kulitumia.

Wiki chache kabla ya mtihani wa pili, alikuja darasani akiwa hatamaniki. Hakuzunguka, hakumshika mtu. Alisimama dirishani anaukunja ukingo wa kitenge na kuukunjua. Vijana walipotoka nikamuuliza kulikoni. Akaniambia jirani yao pale Bangwe, Dainess, msichana wa mimba ya kwanza, alishikwa na uchungu mchana watu wako ziwani na sokoni. Ukuta wa chumba chake na cha Klementina ni mmoja. Klementina akasikia. Kwa sauti tu akajua mtoto amekaa vibaya. Akainuka, na shemeji yake Amuri akasimama mlangoni.

"Shemeji, usiguse," Amuri alimwambia. "Hapa huna kibali. Likiharibika jambo pale ndani, utafungwa, na sisi wote tutarudishwa ng'ambo."

Na Amuri hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto wake. Akakimbia mwenyewe kutafuta bajaji. Klementina akarudi kitandani, akakalia viganja vyake. Alinionyesha alivyovikalia. Bajaji ilichelewa, msichana alipiga kelele mpaka sauti ikakata. Kwa rehema za Mungu walimfikisha hospitali, akafanyiwa upasuaji, mama na mtoto wakapona. "Lakini Mwalimu," akaniambia, "mikono hii ilikuwa hatua tatu kutoka kwake."

Nikaenda nyumbani nikamgombeza mume wangu bure kuhusu ndoo ya maji.

Siku ya mtihani chuo kilimleta mtahini mwingine kutoka makao makuu, Dk. Telesphory, mzee wa miwani, mpole, anayeongea na watu kama anayebembeleza mtoto. Nikashukuru Mungu. Kanuni ni kwamba mwalimu wa darasa anakaa pembeni anaandika alama na hafungui mdomo. Akitamka neno moja la kumsaidia mtahiniwa, mtihani unafutwa. Nikakaa pembeni kama sanamu. Klementina akaingia, amepiga pasi kitenge, akakaa kwenye ncha ya kiti.

Alianza vizuri ajabu. Akaomba maji, akaomba kweli, hakudai. Akataja jina, akataja alikotoka, akamsifia daktari tai yake. Kichwa changu kikaanza kuvimba kwa majivuno. Ndipo daktari akamuuliza kule kwao alikuwa anafanya nini.

Klementina akanyoosha mgongo, akatamka kila neno mahali pake:

"I was used in the hospital."

Nikahisi kiti kinazama. Nilitumiwa hospitalini! Nikaona yote kwa mara moja: wauza dagaa, simu yake, ile kamusi. Alikuwa ameandika "kutumika" na simu ikamjibu kama ilivyojaliwa, maana simu haijui kama aliyeishika katoka Bangwe au Baraka.

Daktari akainua kalamu. "Used?"

"Yes!" Klementina akachangamka, kaona anaeleweka. Akaendelea kumwaga Kiingereza chake, na mimi nawapa kwa Kiswahili jinsi daktari alivyokisikia: madaktari wote walinitumia, mchana na usiku, miaka mingi. Walinitumia vizuri. Hata mume wangu alifurahi.

Daktari akavua miwani. Akamuuliza taratibu kama alipata kumweleza mtu yeyote mambo hayo.

Watu wote wanajua, Klementina akasema. Nilipenda sana. Nakuja hapa ili Tanzania nayo initumie.

Mungu wangu! Niliuma ulimi, na sisemi kwa mafumbo, niliuma mpaka nikaonja damu. Kwa neno moja tu ningemwokoa, na kwa neno hilo hilo ningemmaliza. Nikatazama dari. Nikabana mikono katikati ya magoti.

Dk. Telesphory akafunga faili polepole. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akasema amesikitika sana, kwamba mwanamke aliyepitia mateso kama hayo hapaswi kuulizwa maswali ya mtihani. Mtihani usimame hapa. Atampeleka kwa mshauri wa wanafunzi, apumzike, moyo wake utibiwe kwanza. Na bila alama siku ile, jina la Klementina lisingekwenda makao makuu na majina ya wenzake. Yule mtahini mkali alimwangusha kwa ukali wake, huyu anamwangusha kwa huruma. Mtu wa namna hiyo utamgombeza vipi?

Klementina alilijua vizuri neno "stop". Akaruka kwenye kiti. "Why stop? My English is bad?"

Hapana, daktari akamwambia, Kiingereza chako kinaeleweka kabisa.

Akanigeukia. Macho yamemtoka, anataka nimwambie kosa liko wapi. Nikatazama ukuta. Nawaambieni, kumnyima mtu neno moja anapolihitaji ni jambo la ukatili, na nilichukia chuo, kanuni zake na kibao chake cha bluu. Akaanza kutembea. Dirishani, mlangoni, dirishani. Daktari akawa anamfuata kwa macho ya majonzi, anaona ndiyo hayo mateso yenyewe yanatoka. Ghafla Klementina akasimama mbele ya meza, mikono kiunoni.

"And you, Doctor? Who uses you here?"

Nani anakutumia wewe hapa! Daktari wa watu akashtuka, heshima yake ikaguswa. "Nobody uses me! I work here."

Chini cherehani zilikuwa zinakwenda. Klementina akawa ameganda.

"Work," akasema. "You... work."

"Of course I work."

Akaweka kiganja mdomoni. "Mama yangu weee!" Hicho kilikuwa Kiswahili, na mtihanini hakiruhusiwi, lakini mimi sikusikia kitu. Akapiga meza, maji yakamwagika. "I worked, Doctor! I worked in the hospital! The doctors worked with me!" Na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu aliyekibana tangu avuke ziwa. Daktari akavaa miwani, akaivua, akavaa tena. Alipoelewa, yeye naye akacheka mpaka akaomba leso. Mimi nilicheka kwa pua, kwa kuwa mdomo haukuwa na ruhusa.

Faili likafunguliwa. Daktari akasema amebakiza swali moja tu: kwa nini unataka kusoma hapa?

Kicheko kikakoma. Klementina akavuta kiti, akakaa. Akakaa kweli, mgongo umeegemea, miguu imetulia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akamsimulia habari za Dainess kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi. Niko chumbani. Namsikia. Najua la kufanya. Nakaa. Akainua viganja vyake vyote viwili akamwonyesha daktari, kisha akavilaza mezani.

"In Bangwe," akasema, "nobody uses me."

Dk. Telesphory akamsahihisha kwa upole, maana ndiyo kazi yake. Unataka kusema, hakuna anayekuruhusu kufanya kazi?

Klementina akafikiri. Nilimwona anavyolipeleka lile neno huku na huku. Halafu akatikisa kichwa.

"No, Doctor. Work, now I know. I sell dagaa. That is work." Akagonga meza kwa kidole. "I say use."

Kazi anayo, ya dagaa. Anachokililia ni kutumika. Daktari hakumsahihisha tena. Akainamisha kichwa kwenye karatasi akaandika kwa muda mrefu. Na mimi ilibidi niandike alama, lakini visanduku sikuviona, nililia kama mtoto pale pembeni na wala sikujificha.

Alifaulu. Haikuwa alama ya kupigia kelele, lakini ilimvusha, na jina lake likaenda na ya wenzake. Siku ya matokeo Dismasi alimpongeza getini na kumuuliza kama sasa ataacha kulea mtoto. Nikaona bora leo wajue ukweli, nikawaeleza, wakachekana mpaka Klementina akachelewa boda.

Juzi nilikuwa sokoni Mwanga nikamwona kwa mbali. Yeye na wenzake wameanza mazoezi ya vitendo hospitalini. Kavaa sare nyeupe, viatu vya kamba, anavuka barabara kwa ile miguu yake isiyojua kupumzika, mkononi kashika andazi analolila njiani. Nikamwita kwa nguvu.

"Yaya! Habari za siku nyingi?"

Hata hakusimama. Aligeuza kichwa tu, mashavu yamejaa andazi. "Natumika, Mwalimu! Usinicheleweshe, natumika!"

Wale wanawake wa dagaa wakaangua kicheko chao kile kile. Miaka yote hii mdomo wangu haujawahi kupitwa na neno lililokosewa bila kulinyoosha, waulizeni wanafunzi wangu. Nikawageukia.

"Mnacheka nini?" nikawaambia. "Hamsikii? Mwenzenu anatumika."